Mwongozo kamili: kujiandaa na usaili wa mchezo wa jukwaani ukiwa na kocha wa uigizaji, hatua kwa hatua

Tatizo ni lilelile kila msimu. Mtu kalipia kocha, kakariri kipande chake (maneno ya mhusika mmoja aliyoyatoa kwenye tamthilia) vizuri, kaenda kwenye usaili, kasimama, kakimwaga chote bila kukosea hata neno, wakamwambia "asante, tutakujulisha", na hakuna aliyemjulisha. Anarudi kwa kocha kulalamika, kocha anamwambia ongeza hisia, anaongeza, anaenda pengine, jibu ni lilelile.

Nimekaa upande wa meza ya wanaosikiliza mara za kutosha kujua kinachotokea pale. Mtu akimaliza, dairekta anamwambia "sawa, rudia, ila safari hii usimgombeze, mbembeleze." Na yule mtu anarudia vilevile alivyofanya mwanzo, labda kwa sauti ya chini kidogo. Hapo ndipo anapotoka. Kukariri kila mtu anakariri bwana, dairekta anatafuta mtu wa kukaa naye wiki nyingi za mazoezi ambaye akiambiwa kitu, kitu kinabadilika.

Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinaenda huko: kocha asikupe namna moja nzuri ya kusema, akufanye uweze kusema kwa namna nyingi. Nimeandika nikimfikiria mtu wa Dar, Bagamoyo au Nairobi mwenye kama mwezi mmoja mkononi. Ukiwa na wiki mbili inawezekana pia, ila utakuwa hulali sana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Tangazo la usaili lenyewe, sio lile ulilosimuliwa na rafiki yako.
- Tamthilia nzima unayotoa kipande. Nzima. Kurasa mbili za picha ulizotumiwa WhatsApp hazitoshi.
- Penseli na kifutio. Kalamu iache, maana utakachoandika wiki ya kwanza utakifuta wiki ya pili.
- Daftari moja la kazi hii tu.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi video na kitu cha kuiegemeza.
- Sehemu ya kupazia sauti: darasa tupu, ukumbi wa mtaa, ufukweni asubuhi. Chumba cha kupanga chenye majirani ukutani kitakufundisha kunong'ona.
- Viatu vya chini visivyoteleza na nguo unayoweza kukaa nayo sakafuni.
- Mtu wa kukusomea upande wa pili. Asiyekuwa mwigizaji ni bora zaidi, hatakuigizia.
- Hela ya kocha ya vipindi mtakavyokubaliana, ikiwa imeshatengwa.

## Hatua ya 1: Lisome tangazo mpaka mstari wa mwisho

Angalia wanataka kipande kimoja au viwili (wengi wanaotaka viwili wanamaanisha kimoja kizito na kimoja cha kuchekesha), cha dakika ngapi, kwa lugha gani, na kama kuna kuimba. Kwenye michezo ya muziki mara nyingi utaombwa mizani 16 au 32 tu za wimbo (mizani za muziki, zile wanazoita "bars"), kwa hiyo usiende na wimbo mzima ukitegemea wakusikilize mpaka kiitikio cha mwisho.

Wakisema dakika mbili, wewe andaa ya dakika moja na nusu. Ukimya wako ukiwa jukwaani unarefuka, na kukatwa katikati kunaharibu kipande chote hata kama ulikuwa unaenda vizuri.

Onyo dogo: kikundi kinachotaka ulipie "fomu ya usaili" wakati hakijakwambia mchezo gani, ukumbi gani wala lini, mimi nakipita. Chuo kutoza ada ya maombi ni jambo lingine.

## Hatua ya 2: Mpate kocha, na mpime kwa kipindi kimoja

Wapi pa kumpata? Wengi waliosoma sanaa za maonesho TaSUBa, kile chuo cha sanaa kule Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha watu pembeni. Nairobi anzia kwa waigizaji unaowaona Kenya National Theatre, onesho likiisha wasubiri, wasalimie, waulize nani aliwanoa. Muhimu ni kwamba umeshaona kazi yake, au ya mtu aliyemfundisha, kwa macho yako na jukwaani. Mtu anaweza kuwa staa wa tamthilia za televisheni na asijue lolote kuhusu kumfikia mama aliyekaa kiti cha nyuma kabisa.

Lipia kipindi kimoja tu kwanza, halafu angalia nani anafanya kazi zaidi. Kama saa nzima yeye ndiye anayeongea, hiyo ni hotuba. Kama anakuigizia mstari halafu anasema "fanya kama mimi", shukuru, lipa, usirudi. Utaondoka na nakala ya sauti yake, na siku dairekta akitaka kitu kingine hutakuwa na kitu kingine. Kocha anayefaa anakuuliza maswali mpaka unakereka.

Akianza kutaja Stanislavski na Meisner, walimu wakubwa wa uigizaji, usiogope, na usibabaike pia. La Stanislavski utakalolihitaji hapa ni lile swali la mhusika anataka nini. La Meisner ni kumsikiliza mwenzako kweli na kumjibu alivyokuja, sio ulivyopanga jana usiku.

Kubalianeni mapema: vipindi vingapi, vya muda gani, nani analipia ukumbi, ukikosa kuja inakuwaje. Hela ikiwa ndogo unganeni wawili au watatu. Binafsi naona hata mwenye hela afanye hivyo, kwa sababu kumuona mwenzako anavyogeuzwa, yaani anapewa agizo jipya abadilishe alichofanya, kunakufundisha kuliko kugeuzwa wewe.

Na hili lisemwe wazi. Hakuna kocha anayeweza kukuahidi nafasi. Anayekwambia "mimi na dairekta ni damdam, wewe nitumie kitu kidogo" ni tapeli. Anayetaka mazoezi yawe usiku chumbani kwake, gesti au hotelini, usiende. Na dairekta au mtu yeyote mwenye mamlaka akidai ngono ndio akupe nafasi, Tanzania hilo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, unawapigia bure namba 113. Sehemu za mazoezi ni zenye mlango wazi, na kocha wa kweli hatachukia ukija na mtu.

## Hatua ya 3: Chagua kipande, usikimbilie

Hapa ndipo wengi wanajichongea kabla hata hawajaanza kukariri.

Chukua mhusika wa umri ambao ungeweza kupewa kesho. Una miaka 22, kwanini unaleta mzee wa miaka 70 anayetetemeka mkono? Hatukuoni wewe, tunaona mkono.

Pili, mhusika awe anaongea na mtu aliyepo, na anataka kitu kutoka kwa huyo mtu sasa hivi. Vipande vinavyosimulia tu yaliyopita ("nakumbuka siku ile mama yangu alipo...") ni vigumu mno, unaishia kuangalia juu na kukunja uso kwa dakika mbili.

Tatu, kuwa makini na hotuba za kwenye umati. Hotuba za Kinjeketile kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969 ni kubwa kweli, na Antonio juu ya maiti ya Kaizari kwenye tafsiri ya Nyerere ya mchezo wa Shakespeare ni tamu mdomoni, lakini meza imeshazisikia sana na itakulinganisha na wote waliopita. Halafu hotuba inakuruhusu kupaza sauti bila kuongea na mtu yeyote, na kuongea na mtu ndicho tunachotaka kukiona.

Utasema tamthilia za Kiswahili hazina maneno marefu ya mtu mmoja, zote ni majibizano. Ni kweli nyingi ziko hivyo, kwa hiyo shona. Chukua onesho la watu wawili, toa maneno ya yule mwingine, unganisha ya mhusika wako. Usitunge sentensi mpya, na pale alipokuwa anajibiwa acha nafasi ya kusikia jibu. Ile nafasi ni dhahabu, ndipo uso wako unapofanya kazi. Wahusika wa kike wenye maneno wapo, tafuta tamthilia za Penina Muhando za kuanzia miaka ya 1970.

Usiokote kipande cha kwenye intaneti ambacho hakina mchezo nyuma yake. Dairekta akikuuliza "huyu baadaye inamkutaje?" utabaki unatabasamu.

Utajua umepata ukiweza kumwambia mtu kwa sentensi moja: nani anaongea na nani na anataka nini. Ikihitaji sentensi nne, endelea kutafuta.

## Hatua ya 4: Kazi ya mezani

Kaa na kocha, kitabu kikiwa wazi, hakuna kuigiza bado. Nitatunga kipande kifupi hapa tukitumie. Zaina anaongea na kaka yake mkubwa, ambaye kamleta mtu anunue kiwanja cha marehemu baba yao:

"Uza. Si umeshamleta mpaka mlangoni? Uza, kaka. Ila kabla hujashika hela yake, mpeleke pale chini ya mwembe, mwambie tumemlaza nani. Halafu urudi hapa uniambie amefika bei gani."

Andika majibu ya haya kwa penseli: mimi ni nani kwake, dakika moja kabla sijafungua mdomo kimetokea nini, nataka afanye nini, nini kinanizuia, kwanini leo, na nikishindwa itakuwaje.

Swali la tatu ndilo linalowaua wengi. "Nataka aone uchungu wangu" haichezeki, huwezi kuifanya. "Nataka atoke nje akamfukuze yule mnunuzi" inachezeka, kwa sababu kila sekunde unaweza kumuangalia kaka na kujua kama inafanikiwa au la.

Halafu pembeni ya kila sentensi weka kitenzi, yaani unamfanya nini huyu mtu kwa maneno haya. "Uza" ya kwanza: namtega. "Si umeshamleta": namwaibisha. "Uza, kaka": namkumbusha, maana ndipo neno kaka linapoingia kwa mara ya kwanza na halijaingia bure. Ya mwembe: namtisha, au namtwisha mzigo. Ya mwisho: namsuta.

Kipimo chake ni rahisi: kitenzi lazima kikae kwenye "nam-". Namtega, namsuta, namlainisha. Ukijikuta umeandika "nina huzuni" au "nimekasirika", hiyo ni hali, futa. Kocha aikatae kila mara mpaka uzoee.

Sasa kwa kuwa tumegusa huzuni: machozi. Sijui nani aliwadanganya watu kwamba anayelia ndiye anayepita, nadhani ni filamu zetu. Watu wanakuja wameshajiandaa kulia sekunde ya arobaini, na sekunde ya arobaini ikifika wanaacha kabisa kuongea na kaka wanaanza kushughulika na macho yao. Zaina anayejizuia asilie mbele ya kaka yake ana nguvu kuliko Zaina anayelia. Machozi yakija yenyewe sawa, yasipokuja hakuna atakayeyauliza.

Ukimaliza hatua hii uwe na seti mbili za vitenzi kwa kipande kilekile, tofauti kabisa. Moja haitoshi, na utaona kwanini kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Kariri bila wimbo

Wengi wetu tulianza kuigiza shule ya msingi, ngonjera mbele ya mgeni rasmi, na ile sauti inayopanda mwisho wa mstari na mikono inayofunguka kwa pamoja haikutuacha. Mtu mzima ana miaka 30, anaanza "Uza!" na darasa la nne linatoka lote. Ukishakariri na wimbo, kuutoa ni kazi kuliko kukariri upya.

Fanya hivi. Andika kipande kwa mkono mara kadhaa. Kisome kavu, sauti moja, bila kupamba chochote, mpaka maneno yakae. Kisha kiseme ukiwa unafanya kazi tofauti tofauti: leo unafua, kesho unamenya viazi, keshokutwa unatembea kwenda kituoni. Ukikariri siku zote umesimama mbele ya kioo, mwili utagandisha ishara moja kwa kila neno.

Usijirekodi ukiigiza halafu ukasikiliza kutwa nzima na hedifoni. Hapo unakariri mapigo. Ukitaka kurekodi, rekodi kavu.

Maneno yawe yale yale ya mwandishi, usiseme "maana yake si ni ileile". Kwenye meza kuna mtu ana kitabu.

Jaribio: mwambie rafiki akukatize popote akuulize ulikula nini jana, umjibu kabisa, halafu uendelee ulipoishia bila kurudi mwanzo. Ukihitaji kurudi mwanzo, bado.

## Hatua ya 6: Sauti na mwili wa jukwaani

Waliotoka kwenye kamera hapa ndipo wanapochemsha. Kumbi nyingi za kwetu huna maikrofoni. Wanaozunguka na michezo ya vitabu vya kutahiniwa kwenye sekondari za Kenya wanajua zaidi, unacheza kwenye bwalo la chakula, wanafunzi wamejaa mpaka madirishani, na lazima wa mwisho asikie.

Lala chali, weka kitabu tumboni, vuta pumzi kitabu kipande, sio kifua. Toa pumzi kwa "sss" ndefu iliyo sawa, anza na sekunde 15 ukisogea taratibu kuelekea 25. Pumzi ikitosha hutahitaji kupiga kelele.

Halafu mtu wako asimame mwisho wa ukumbi na wewe uongee naye, sio umpigie kelele, ongea naye. Kila asiposikia neno anyooshe mkono. Utashangaa, mara nyingi ni silabi ya mwisho ya sentensi ndiyo inayokufa, "bei gani" inafika "bei ga". Koo likianza kuwasha simama, unasukuma na koo, rudi sakafuni na kitabu chako.

Ulimi nao upashwe moto kwa vitanza ndimi: "Katibu kata wa kata ya Mkata amekataa katakata kukata miti", au wale wa Liwale na wali wa liwali kama r na l zinakusumbua. Taratibu kwanza, kila herufi isikike, ndio uongeze kasi. Watu wanaanza na kasi wanacheka wanaenda nyumbani.

Kwa mwili mambo ni machache. Miguu itulie mpaka uwe na sababu ya kuisogeza. Kaka yako muweke mbele, pembeni kidogo ya vichwa vya waliokaa mezani, usawa wa macho, na abaki hapohapo. Usiwaangalie wao machoni ukiongea na kaka, unawafanya wawe waigizaji na wao wanataka kuandika. Kiti kinaruhusiwa. Simu, kanga ya kufutia machozi, kisu cha plastiki, acha nyumbani.

## Hatua ya 7: Kugeuzwa

Hii ndiyo hatua yenyewe. Kama una vipindi sita na kocha, vitatu viwe vya hapa.

Unafanya kipande mara moja. Kocha anatupa agizo, unasema "sawa", unafanya papo hapo. Hakuna kujadili. Mifano kwa Zaina wetu:

- Mtoto amelala chumba cha pili, asiamke.
- Mbembeleze, unamuogopa.
- Hali yote inakuchekesha, huwezi kujizuia.
- Mnunuzi anasikia kila neno nyuma ya mlango, na unataka asikie.
- Kaka ameshakubali kutouza, wewe unagundua ukiwa katikati.
- Huyu kaka ni mdogo wako, ulimlea wewe.

Agizo usipolielewa uliza swali moja fupi. Moja. Ukianza kueleza kwanini mhusika wako asingefanya hivyo, umeshindwa zoezi, hata kama uko sahihi.

Badilisha sana, sio kidogo. Dairekta ni rahisi kukwambia punguza, hawezi kupunguza kitu asichokiona. Na kubadilisha sauti juu chini sio kubadilisha, badilisha unachomfanyia mtu. Ndio maana tulitaka seti mbili za vitenzi.

Kuna tabia moja ya kwetu inayotuponza hapa. Kocha au dairekta akiwa mtu mzima tunaitikia kwa heshima zote, "sawa mwalimu, nimeelewa mwalimu", kichwa kimeinama, halafu tunafanya kilekile. Heshima imefika, mabadiliko hayajafika. Itikia mara moja na ufanye.

Rekodi tatu mfululizo kwa simu, kisha ziangalie bila sauti. Kama huwezi kujua ipi ni ipi, hujageuka bado, umebadilisha spidi tu. Siku mtu asiyejua lolote akiziangalia bila sauti na akasema "hapa anamuomba, hapa anamcheka, hapa anamuogopa", umefika.

Onyo la mwisho hapa ni kwa kocha wako. Atapenda moja na atataka muigandishe, "hiyo hiyo usiiguse". Mkatalie kwa adabu. Chagueni mtakayoanzia siku ya usaili, basi, nyingine zibaki hai.

## Hatua ya 8: Kusoma skripti usiyoijua

Mara nyingi baada ya kipande chako unapewa ukurasa na mwenzako mliyekutana hapohapo, dakika tano, njooni msome. Kocha akuletee ukurasa mpya kila kipindi.

Kwenye zile dakika tano usikariri. Tafuta vitu vitatu: huyu ni nani kwangu, nataka afanye nini, na ni wapi mambo yanageuka. Shika karatasi usawa wa kifua isifiche uso, kidole gumba kikitembea pembeni ya mstari. Chota sentensi kwa macho, inua uso, mpe mwenzako, rudi. Mwenzako akiongea muangalie yeye, usiwahi kusoma mstari wako unaofuata, hilo ndilo kosa la wote na linaonekana mpaka nje. Ukikosea neno endelea, hakuna anayejali neno hapa.

## Hatua ya 9: Usaili wa uongo

Siku nne tano kabla, kocha akusanye watu watatu usiowajua, wakae nyuma ya meza, wakae na sura ngumu, mmoja aandike tu bila kukuangalia, simu ya mwingine iite katikati. Fanya kila kitu kuanzia mlangoni.

Zoezi kubwa hapa ni mlango, maana ndipo watu wanapotepeta. Ingia, "shikamooni" moja ya wote kama kuna wakubwa, usizunguke kupeana mikono. Nenda katikati, simama. Jina lako, jina la mhusika, jina la mchezo. Hawajauliza ulizaliwa mkoa gani wala una ndoto gani tangu utotoni. Pumua, mtafute kaka yako kwa macho, anza. Ukimaliza baki naye sekunde moja, rudi kwao, "asante". Usifanye uso wa "nimeharibu", wala usiombe radhi kwa mafua.

Mwisho watu wale wakupe agizo ambalo kocha hajawahi kukupa.

## Hatua ya 10: Siku yenyewe

Fika nusu saa kabla. Pasha sauti nje, mbali na foleni, sio mbele ya wenzako. Kwenye foleni kuna mtu atakayekwambia nafasi zimeshagawiwa, yupo kila usaili, mpe tabasamu uhame kiti.

Usiongeze kitu kipya asubuhi hiyo. Ukisahau maneno, usiseme "samahani naomba nianze upya" papo hapo. Nyamaza, muangalie kaka, rudi kwenye unachokitaka kwake, na mara nyingi maneno yanakuja na waliokaa mezani wanadhani ulinyamaza makusudi. Yasipokuja kabisa, omba kuanza tena, mara moja tu.

Wakikwambia rudia kwa namna nyingine, hiyo ni habari njema, wangeweza kukwambia asante. Wasipokwambia usitafsiri, wakati mwingine foleni ni ndefu na saa zimeisha.

Ukitoka tu, kabla hujapanda daladala, andika kwenye daftari agizo walilokupa, neno kwa neno, na ulichofanya. Mpelekee kocha hilo, ndilo la kufanyia kazi. Ukiitwa tena, nenda na nguo zilezile na kipande kilekile ulivyokifanya mwanzo, kwa sababu wamekuandika "yule wa shati la kijani aliyemsuta kaka yake", na mkae na kocha kipindi kimoja cha kugeuzwa tu, kwa maagizo mapya, kabla ya kwenda.